Kaini alimwambia nini Habili? Namna Wayahudi wanavyosoma palipo kimya katika Torati

Katika sura ya nne ya kitabu cha Mwanzo, mstari wa nane, Torati ya Kiebrania inasema kwamba Kaini alimwambia Habili ndugu yake, kisha haisemi alimwambia nini. Maneno yanayofuata papo hapo ni haya: ikawa walipokuwa shambani, Kaini akamwinukia Habili ndugu yake, akamwua. Kitenzi kilichotumika, vayomer, kwa kawaida hutangulia maneno ya msemaji, kama vile sisi tunavyosema "akamwambia" na msikilizaji akabaki akiingoja kauli. Hapa kauli haiji. Anayeingoja anakuta maiti.

Msomaji wa Kiswahili huenda hajawahi kuliona pengo hilo, kwa sababu Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka zaidi imelijaza kwa maneno "Twende uwandani." Wafasiri wetu hawakuyatunga. Yamo katika tafsiri ya Kigiriki ambayo Wayahudi wenyewe waliiandaa kabla ya zama za Kristo, yamo katika Torati ya Wasamaria, na wazo hilohilo limo katika tafsiri ya Kilatini ya Jerome. Inawezekana kabisa kwamba maneno ya namna hiyo yalikuwapo hapo awali na mnakili mmoja akayaruka. Wataalamu wengi wa matini za kale wanaona hivyo, nami sina sababu ya kuwabishia. Lakini Torati waliyoirithi Wayahudi, ambayo imenakiliwa kwa mkono herufi kwa herufi na ambayo hadi leo husomwa kwa sauti katika sinagogi, haina maneno hayo. Hawakujiruhusu kuliziba pengo ndani ya matini yenyewe. Waliliacha wazi, wakaketi kandokando yake, wakauliza. Ukitaka kuelewa Wayahudi wanamaanisha nini wanaposema kwamba andiko lina maana ya ndani, hakuna mahali pazuri pa kuanzia kuliko hapa.

Wengi wetu tunaposikia juu ya maana ya ndani tunafikiria nazi: kifuu kinavunjwa na kutupwa, kinacholiwa ni kile kilichofichwa. Kwa mtazamo huo hadithi ni ganda tu, na mwenye hekima ni yule anayeliondoa haraka akafikia fundisho. Marabi wa kale hawakusoma hivyo. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi hao, ina kanuni isemayo kwamba andiko halitoki katika maana yake ya wazi, yaani hata ukichimba kiasi gani, maneno yenyewe yanabaki palepale na yana haki ya kukusahihisha. Kilichowafanya wachimbe ni imani kwamba katika Torati hakuna herufi iliyowekwa ovyo. Neno likirudiwa pasipo haja, likikosekana pale linapotarajiwa, au likiwa katika wingi ilhali umoja ungetosha, basi hapo pana mlango. Neno midrashi, linalotaja aina hii ya ufafanuzi na pia vitabu vilivyoukusanya, linatokana na kitenzi cha Kiebrania chenye maana ya kutafuta, kuulizia, hata kudai. Mtu anayefanya midrashi anadai jibu kwa andiko.

Karne nyingi baadaye, katika Hispania ya karne ya 13, wasomaji wa Kiyahudi walianza kutaja tabaka nne za maana: iliyo wazi, inayodokezwa, inayotafutwa, na iliyo siri. Herufi za mwanzo za majina ya Kiebrania ya tabaka hizo huunda neno pardes, yaani bustani. Mpango huo unakumbukika kwa urahisi, na ndiyo maana hutajwa kila mara mada hii inapozungumzwa, lakini anayeutumia kama ngazi za ghorofa, akidhani kwamba kila hadithi lazima ipandwe vyumba vinne, atakosa namna usomaji wenyewe unavyotokea. Swali la kwanza huwa dogo kuliko hilo: kwa nini imeandikwa hivi na si vile?

Kabla ya kufika kwenye pengo la mstari wa nane, msomaji wa Kiebrania ameshapewa dalili kadhaa. Hawa anampa mwanawe wa kwanza jina na kutoa sababu: kaniti, "nimepata", na kwa hiyo Kaini ni jina linalobeba sauti ya kupata na kumiliki. Habili hapewi sababu yoyote. Jina lake, Hevel, ni neno la kawaida la Kiebrania kwa pumzi au mvuke, kitu kinachoonekana asubuhi ya baridi na kutoweka mtu akiwa bado anakitazama. Ndilo neno ambalo Mhubiri analirudia pale tunaposoma "ubatili mtupu". Ndugu wawili wanaingia katika hadithi, mmoja akiitwa kwa jina la kumiliki na mwingine kwa jina la mvuke, na huyu wa pili hatamki neno hata moja mpaka anakufa. Tena, tangu kuzaliwa kwa Habili hadi Kaini anapolaaniwa, neno "ndugu" linatajwa mara saba, na mara zote saba ni Habili anayeitwa ndugu wa Kaini. Hakuna mahali ambapo Kaini anaitwa ndugu wa Habili. Wafafanuzi hawakuhitaji kuongeza chochote ili waone kwamba undugu katika hadithi hii unatazamwa kutoka upande wa yule mwenye nguvu ya kuuvunja.

Kuna pia onyo ambalo Mungu anampa Kaini katika mstari wa saba, kwamba dhambi inaotea mlangoni, na hapo Kiebrania chenyewe ni kigumu mno. Neno moja, se'et, lina maana ya kuinua au kubeba. Likiungwa na maneno yaliyolitangulia, linakuwa msamaha kwa anayetenda mema; likiungwa na yanayofuata, linakuwa mzigo wa dhambi kwa asiyetenda mema. Talmudi, katika trakti, yaani sehemu, iitwayo Yoma, inamnukuu Issi ben Yehuda akitaja mistari mitano ya Torati ambayo haina uamuzi, na huu ni mmoja wao. Naona ungamo hilo ni la thamani kubwa. Watu walioamini kwamba kila herufi ya kitabu hiki inatoka kwa Mungu ndio haohao waliokiri kwa maandishi kwamba kuna mahali hawakuweza kuamua sentensi igawanywe wapi.

Basi Kaini alimwambia nini? Bereshit Rabba, mkusanyo mkubwa wa midrashi juu ya kitabu cha Mwanzo ulioandaliwa katika nchi ya Israeli yapata karne ya tano, haujibu mara moja bali mara tatu, na majibu hayo yamewekwa bega kwa bega bila moja kutangazwa mshindi. Kwa jibu la kwanza, ndugu hao waliambiana: njoo tuigawane dunia. Mmoja akachukua ardhi yote, mwingine akachukua kila kitu kinachohamishika. Kisha mwenye ardhi akasema, "Hapo uliposimama ni pangu," na mwenye vitu akajibu, "Hilo ulilolivaa ni langu." Huyu akasema, "Vua!" na yule akasema, "Paa hewani!" Hapo ndipo Kaini akainuka. Walikuwa wawili tu, kila mmoja akiwa na nusu ya vyote vilivyoumbwa, na bado hapakuwa na nafasi ya kutosha kusimama.

Jibu la pili limetolewa na Rabi Yehoshua wa Sikhnin kwa jina la Rabi Levi. Yeye anasema kwamba wote wawili walichukua ardhi na wote walichukua vitu, kwa hiyo mali haikuwa chanzo cha ugomvi. Walichogombea ni Hekalu: mmoja alisema litajengwa katika eneo langu, na mwingine akasema katika langu. Ushahidi wake ni neno "shamba". Torati inasema walikuwa shambani, na nabii Mika anasema kwamba Sayuni italimwa kama shamba. Basi shamba la Kaini ni Sayuni. Kwa msomaji asiyezoea, ushahidi huo unaonekana kama mchezo wa maneno. Lakini katika midrashi Biblia yote ni mazungumzo mamoja, na neno lililo katika Mwanzo linaweza kuitika linapoitwa na neno lililo katika Mika. Tena Mika hazungumzii shamba lolote tu: anazungumzia Sayuni iliyobomolewa. Waliotoa jibu hili waliishi chini ya utawala wa Roma, baada ya Hekalu kuteketezwa mwaka 70, na kila siku walisali lijengwe tena. Katika majibu matatu, hili ndilo ninaloliona kuwa la ujasiri mkubwa zaidi, kwa maana lilitoka kwa watu waliolipenda Hekalu kuliko jengo lolote duniani, nao wakakubali kusema kwamba mtu wa kwanza kuua aliua kwa ajili yake.

Jibu la tatu linataja mwanamke. Mfafanuzi aitwaye Yehuda anasema waligombea Hawa wa kwanza, ambaye kwa mapokeo fulani aliumbwa kabla ya mama yao. Wengine wanampinga kwamba huyo alikuwa ameshayarudia mavumbi, na Rabi Huna anasema ugomvi ulikuwa juu ya dada pacha wa ziada aliyezaliwa pamoja na Habili. Pacha huyo ametoka wapi, ilhali Torati haimtaji? Ametoka katika kijineno et, ambacho katika Kiebrania hutangulia mtendwa wa kitenzi na hakina tafsiri yake, lakini ambacho marabi walikisoma kama ishara ya nyongeza. Na katika taarifa ya kuzaliwa kwa Habili kinaonekana mara moja zaidi kuliko katika ile ya Kaini. Msomaji aliyelelewa na visa vya manabii katika mapokeo ya Kiislamu atawatambua mara moja dada hao mapacha, maana nao wamo humo.

Mali, ibada na mapenzi: majibu haya matatu yanaonekana kama kumbukumbu ya tukio, lakini hakika ni uchunguzi wa jambo jingine. Swali "Kaini alisema nini?" limegeuka kuwa "watu huanza vipi kuuana?", na kwa kuwa Torati imeacha kinywa cha Kaini wazi, karibu kila sababu ambayo binadamu wamewahi kuitoa inaweza kuwekwa ndani yake. Laiti mstari ungesema "Twende uwandani," tungejua walikokwenda na tusingeuliza zaidi. Baadhi ya tafsiri za Kiaramu za Torati, zilizosomwa kwa watu ambao hawakuelewa tena Kiebrania vizuri, ziliweka kinywani mwa Kaini sababu nyingine kabisa: alisema hakuna hukumu wala hakimu, wala ulimwengu mwingine, na Habili akamjibu kwamba vipo. Hapo ugomvi ni juu ya haki yenyewe, kati ya mtu ambaye sadaka yake imekataliwa bila kuelezwa sababu na mtu ambaye yake imekubaliwa.

Si kila mfafanuzi wa Kiyahudi aliyeridhika na mtindo huu. Rashi, aliyeishi Troyes nchini Ufaransa kati ya mwaka 1040 na 1105 na ambaye maelezo yake bado huchapwa kandokando ya Torati, anasema tu kwamba Kaini alianzisha maneno ya ugomvi na ushindani ili apate kisingizio cha kumwua. Anakiri kwamba kuna midrashi juu ya jambo hili, lakini hiyo ndiyo maana ya wazi ya mstari. Abraham ibn Ezra, mwanasarufi kutoka Hispania katika karne ya 12, anaona ni karibu zaidi na ukweli kwamba Kaini alimsimulia Habili karipio alilopewa na Mungu. Jibu la Ibn Ezra halina mapambo, lakini likifikiriwa polepole lina uzito wake: mtu aliyeaibishwa anakwenda kumweleza aibu yake yule ambaye kwake aliaibishwa, na mazungumzo hayo yanaishia shambani.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani kwamba usomaji huu ni kazi ya wenye nafasi, kupitisha jioni. Mstari wa kumi unaonyesha kwamba sivyo. Mungu anamwambia Kaini kwamba damu ya ndugu yake inamlilia kutoka ardhini, na Kiebrania kinasema demei, yaani damu katika wingi, na kitenzi chake pia kiko katika wingi. Kiswahili kina bahati hapa ambayo lugha nyingi hazina, ingawa tafsiri zetu hazikuitumia. Neno "damu" halibadiliki umbo, ila upatanisho wa sarufi unaweza kuubeba wingi huo vizuri: damu za ndugu yako zinanililia.

Kwa nini wingi? Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilishwa yapata mwaka 200, inajibu katika trakti ya Sanhedrin, na haijibu darasani bali mahakamani. Katika kesi ambayo hukumu yake ni kifo, mashahidi walipaswa kuonywa kabla ya kutoa ushahidi. Waliambiwa kwamba kesi ya uhai wa mtu si kama kesi ya fedha, kwa maana katika fedha mtu hulipa akasamehewa, lakini hapa damu ya anayehukumiwa kwa uongo, pamoja na damu ya uzao wake wote ambao ungezaliwa hadi mwisho wa dunia, inamwangukia shahidi. Kisha wanasomewa mstari wa Kaini: haukusema damu bali damu za ndugu yako, damu yake na damu za wazao wake. Mishna inaongeza usomaji mwingine, kwamba wingi huo unatokana na damu kutapakaa juu ya miti na mawe. Halafu inaeleza kwamba ndiyo maana Adamu aliumbwa peke yake, kufundisha kwamba anayeiangamiza nafsi moja anahesabiwa kana kwamba ameangamiza ulimwengu mzima, na anayeiokoa nafsi moja ni kana kwamba ameokoa ulimwengu mzima. Nakala nyingi zilizochapishwa zinasema "nafsi moja ya Israeli", lakini maneno hayo mawili ya mwisho hayamo katika baadhi ya nakala za mkono za kale, ile iitwayo Kaufmann ikiwamo. Nayo hoja inayotegemea Adamu, baba wa watu wote, haikai vizuri pamoja nayo. Herufi chache za wingi, basi, ziliwekwa kati ya shahidi na uongo wake.

Wasomaji Waislamu wameshaitambua kauli hiyo. Katika Sura ya Al-Maida, baada ya kusimuliwa habari za wana wawili wa Adamu, aya ya 32 inasema kwamba kwa sababu ya hayo Wana wa Israili waliandikiwa kuwa anayemuua mtu, isipokuwa kwa kisasi cha nafsi au kwa ufisadi katika nchi, ni kama amewaua watu wote. Aya yenyewe, kwa hiyo, inawataja Wana wa Israili. Jambo ambalo hutajwa mara chache zaidi ni kwamba Kurani pia inataja maneno yaliyosemwa kabla ya mauaji. Ndugu mmoja anasema kwamba hakika atamuua mwenzake, na mwingine anamjibu kwamba hata akinyooshewa mkono yeye hatanyoosha wake. Kwa Mwislamu hayo ni wahyi, si midrashi, na tofauti hiyo haipaswi kufifishwa. Lakini anayeyasoma maandiko haya mawili kwa pamoja ataona kwamba Habili, ambaye katika Torati ni bubu tangu kuzaliwa hadi kufa, katika Kurani anazungumza.

Kaini naye hakunyamaza. Alipoulizwa ndugu yake yuko wapi, alijibu kwa swali: je, mimi ni mlinzi wa ndugu yangu? Kiebrania kinatumia hapa kitenzi kilekile kilichotumika Adamu alipowekwa katika bustani ailime na kuitunza. Kiswahili, kwa kusema "kuitunza" kule na "mlinzi" huku, kimeukata uzi huo bila kukusudia. Kaini anatambulishwa kama mlimaji wa ardhi. Nusu ya kwanza ya kazi aliyopewa baba yake ameirithi, na nusu ya pili anaiuliza kana kwamba hajawahi kuisikia.

Midrashi iitwayo Tanhuma inalisikia swali lake kwa namna nyingine. Kaini, inasema, alikuwa anamrudishia Mungu: wewe ndiye mlinzi wa viumbe vyote, nawe unaniuliza mimi? Inatolewa mfano wa mwizi aliyeiba vyombo usiku, na asubuhi akakamatwa na bawabu. Mwizi akamwambia: mimi ni mwizi, nami sikuiacha kazi yangu, wewe kazi yako ni kulinda langoni, mbona uliiacha yako? Tanhuma haiachi hoja hiyo bila kujibiwa, kwa maana Kaini anabaki na hatia. Hata hivyo, hoja imeandikwa, tena kwa ukali ambao wakili wa Kaini mwenyewe asingeweza kuuzidi.

Rabi Shimon bar Yochai, katika Bereshit Rabba, aliusogeza usomaji huo hadi ukingoni kabisa, na aliujua ukingo huo, kwa kuwa alianza kwa kusema kwamba jambo hili ni gumu kulisema na kinywa hakiwezi kulitamka. Kisha akatoa mfano wake. Watu wawili walikuwa wakipigana mieleka mbele ya mfalme. Mfalme angetaka angewatenganisha, lakini hakutaka. Mmoja akamzidi nguvu mwenzake na kumwua, na yule anayekufa alikuwa akipaza sauti akisema: nani atanitetea mbele ya mfalme? Mungu alikuwa amesema kwamba damu zinamlilia yeye. Wafafanuzi wanaeleza kwamba katika mfano wa Rabi Shimon neno hilo, elai, linasikika kama alai, ambalo Kiebrania huliandika kwa herufi tofauti na hulitamka karibu sawa, na maana yake ni "dhidi yangu".

Waliokusanya Bereshit Rabba hawakuufuta mfano huo, wala hawakuweka baada yake rabi wa kuukanusha. Kinachofuata ni kauli fupi juu ya Habili, mtu wa kwanza kufa duniani. Haikuwezekana kupanda juu, inasema, kwa sababu hakuna roho iliyokuwa imewahi kupanda huko. Wala haikuwezekana kutulia chini, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuzikwa. Na damu yake ikabaki imetapakaa juu ya miti na mawe.